Sumu Isiyoogopa Moto

Miezi ya mwanzo ya mwaka 2004, hospitali za Makueni na Kitui, mashariki mwa Kenya, zilianza kupokea wagonjwa wenye macho ya manjano. Wengine walitapika, wengine matumbo yalijaa maji na miguu ikavimba. Ukiwatazama ungesema ni homa ya ini, ile inayoletwa na virusi. Lakini ugonjwa ulikuwa ukiingia nyumba moja na kuiruka jirani yake, na ndani ya nyumba uliyoingia ulikumba watu waliokula chungu kimoja. Kufikia Julai wagonjwa walikuwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa.

Hawakuwa wamekula kitu cha ajabu. Walikula mahindi yao, waliyoyalima wenyewe au kuyanunua sokoni, yakasagwa, yakapikwa yakaiva.

Hilo la kuiva ndilo linalonifanya niandike makala haya, kwa sababu sehemu kubwa ya tunayofundishwa kuhusu chakula kichafu inategemea moto. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2015 kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula, na 420,000 hufa, karibu theluthi moja wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa hao huangushwa na vijidudu: bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo, wa kuhara damu, na virusi vinavyopita kwenye mikono na maji. Kwa adui wa aina hiyo mafundisho ya zamani yanatosha. Nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji, pika nyama mpaka ndani, funika chakula, na ukila kiporo kipashe mpaka kitoe mvuke. Kijidudu ni kiumbe hai, na joto humuua.

Hata hapo moto una mipaka. Wali uliolala usiku kucha kwenye sufuria mahali pa joto unaweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukikaa nje, mbegu zile huamka, huzaana na kuacha sumu ya kutapisha. Asubuhi ukiupasha unaua bakteria, ila sumu aliyoiacha inabaki. Ndiyo maana kupoza chakula mapema kuna maana kuliko kukipasha sana.

Sumukuvu, iliyowaua watu wa Makueni, ni ya ukoo huo wa vitu visivyokufa kwa sababu havina uhai. Ni kemikali. Huhitaji joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi ili kuharibika vizuri, na chungu cha ugali au uji hakizidi sana nyuzi 100. Ugali ulioiva kwa mahindi yenye sumu ni ugali wenye sumu.

Dunia iliijua sumu hii kupitia batamzinga. Mwaka 1960 nchini Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa ghafla, na uchunguzi ukafuata nyayo hadi kwenye mashudu ya karanga kutoka Brazil waliyolishwa. Haikuchukua muda kugundulika kwamba karanga za nchi nyingine, zikiwemo za Afrika Mashariki, zilibeba sumu ileile. Mtengenezaji wake ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus, na sumu yake ndiyo wataalamu huiita aflatoksini. Yupo sana katika ulimwengu wa joto. Huishi udongoni, kwenye mabua yaliyoachwa shambani, na vumbi lake hupeperushwa na upepo mpaka kwenye ndevu za hindi changa. Hapo huteremka na kuifikia punje kabla hata mkulima hajafikiria kuvuna.

Mmea wenye afya hupambana naye. Ukame unapoupiga mmea wakati wa kutoa maua, na joto likazidi, kinga hiyo hulegea. Wadudu humaliza kazi kwa kutoboa maganda na punje. Dumuzi, aliyeletwa na shehena kutoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, anajulikana kwa kugeuza gunia zima kuwa unga. Lililo baya zaidi ni kwamba kila tundu analotoboa ni mlango wa kuvu. Kisha mvua ikinyesha juu ya mahindi yaliyokwisha kukomaa, au yakiwekwa ndani yakiwa na unyevu, kuvu hupata kila anachokitaka.

Mwaka ule wa 2004 mambo hayo yote yalikutana. Mvua zilikuja wakati wa mavuno. Chakula kilikuwa haba, na mahindi shambani yalikuwa yanaibwa, kwa hiyo watu walivuna mapema, mahindi yakiwa mabichi, wakayaingiza ndani ya nyumba walipolala ili wayalinde. Watafiti walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na zile ambazo hazikupata, mambo mawili yalijitokeza: kuhifadhi mahindi yenye unyevu, na kuyahifadhi ndani ya nyumba badala ya ghalani, kule kwenye kihenge kilichoinuliwa kutoka ardhini ambako upepo unapita. Nasoma matokeo hayo kwa uchungu. Familia zile hazikuwa za wazembe. Zilifanya jambo lenye akili kwa anayeogopa njaa na wizi, na jambo hilo ndilo lililoziua.

Yaliyotokea Makueni hayakuwa ya kwanza wala ya mwisho. Mwaka 1981 wilaya ya Machakos ilipata wagonjwa 20 wa aina hiyo hospitalini, na 12 walikufa. Katikati ya mwaka 2016 ikawa zamu ya Tanzania, mikoa ya Dodoma na Manyara: wagonjwa karibu 70, na 20 hivi wakapoteza maisha.

Mwilini, kazi yote hufanyika kwenye ini. Ini ndicho kiungo kinachosafisha sumu, na huipokea hii nayo likitaka kuivunja. Bahati mbaya, katika kuivunja, vimeng'enya vyake hugeuza sumukuvu kuwa kitu kikali zaidi, chenye tabia ya kung'ang'ania protini na vinasaba vya seli zilezile zilizokuwa zikijaribu kuitoa. Mtu akila kiasi kikubwa kwa siku au majuma machache, seli nyingi hufa kwa pamoja na ini hushindwa kazi. Damu haigandi vizuri, macho hugeuka manjano, tumbo hujaa maji. Dawa ya kuiondoa sumu yenyewe haipo. Madaktari huusaidia mwili usubiri ini lijitengeneze, kama limebakiwa na nguvu.

Lakini wengi wetu hatuli kiasi kikubwa. Tunakula kidogo, kila siku, miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayeugua wa kupelekwa hospitali. Kila mara sumu ile inaposhika kwenye vinasaba, kuna uwezekano wa kosa dogo kubaki hapo, na makosa hayo yakirundikana huzaa saratani ya ini. Kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B mambo huwa mabaya zaidi: uwezo wa sumukuvu kuleta saratani hupanda hadi mara 30 kuliko kwa asiye na virusi hivyo. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B anayopewa mtoto mchanga kliniki ni kinga dhidi ya mahindi mabovu pia, ingawa ni nadra kusikia ikielezwa hivyo.

Watoto ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Uji wa lishe, ule unaochanganywa mahindi, karanga na nafaka nyingine, hutolewa kwa nia njema kwa mtoto anayeanza kula. Karanga na mahindi ndivyo vyakula viwili ambavyo kuvu huyu huvipenda kuliko vyote. Mtoto mwenye kilo nane, anayekunywa uji huohuo asubuhi na jioni, hupata kwa kila kilo ya mwili wake sumu nyingi kuliko baba anayekula sahani ya ugali. Siyo sababu ya kuuacha uji. Ni sababu ya kuchambua punje za mtoto kwa makini kuliko za mtu mwingine yeyote nyumbani.

Na ni kiasi gani basi kinachovumilika? Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kila kilo ya mahindi. Maana yake ni gramu 10 zilizotawanywa katika magunia 10,000 ya kilo mia. Katika mahindi ya nyumba zilizoathirika mwaka 2004 kulipimwa hadi mikrogramu 4,400 kwa kilo. Na sokoni nako hakukuwa salama: kati ya sampuli 350 zilizochukuliwa kwa wauzaji wa eneo lile, zaidi ya nusu zilivuka kiwango cha mikrogramu 20 kilichokuwa kikitumika Kenya wakati huo.

Sumu hii haina rangi wala harufu, na haina ladha ya kumshtua mlaji. Punje inayoonekana safi inaweza kuwa nayo. Hata hivyo haikai sawasawa ndani ya gunia. Punje chache, pengine moja kati ya mamia, hubeba sehemu kubwa ya sumu yote, na zilizobaki hazina kitu. Ndiyo sababu vipimo viwili vya gunia moja vinaweza kupishana mno, kimoja kikisema salama na kingine hatari. Mpimaji mzuri huchota sehemu nyingi za mzigo, husaga na kuchanganya ndipo apime. Wafanyabiashara hugombana mipakani kwa sababu ya jambo hili. Machi 2021 Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda, malori yalikwama na maneno yakawa mengi, lakini swali la nani alipima nini, na kwa kuchota vipi, halikupata nafasi liliyostahili.

Tabia hiyo ya kujikusanya kwenye punje chache ndiyo inayompa mtu wa nyumbani nafasi. Mwaga mahindi kwenye ungo, mahali penye mwanga wa kutosha, uyatandaze yasipandane. Ondoa punje yenye ukungu wa kijani au wa manjano unaoanzia kwenye ncha, ile iliyobadilika rangi, iliyopasuka, iliyotobolewa, iliyosinyaa, na iliyo nyepesi kuliko wenzake. Ukipeta, nyepesi huja mbele zenyewe. Ni kazi ya kuchosha, na haitoi sumu yote, lakini huipunguza sana. Karanga ni vivyo hivyo, na karanga chungu iteme, usiimeze kwa aibu.

Kukoboa nako kunasaidia, kwa kuwa sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Wakamba wana muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakaondolewa ganda, na watafiti wa Kenya walikuta kwamba kukoboa huko hupunguza sumukuvu karibu nusu kwa wastani. Hapa nakiri kuna mvutano, maana dona lina virutubishi ambavyo sembe imevipoteza. Ushauri wangu: mahindi unayoyajua, uliyoyakausha na kuyachambua mwenyewe, saga dona, usiyoyajua, koboa. Na pumba za mahindi hayo usiyoyajua usimpe ng'ombe wa maziwa. Sumukuvu hubadilika kidogo mwilini mwake na kutoka kwenye maziwa, na hata mama anayenyonyesha huitoa hivyo hivyo. Vivyo hivyo punje mbovu zilizochambuliwa zisiende kwa kuku wala kwenye pombe ya kienyeji.

Yote hayo ni kupunguza madhara. Vita yenyewe huamuliwa kwenye kukausha. Mahindi ya kuweka ghalani yanatakiwa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5, na yaanikwe kwenye turubai, si kwenye udongo ambako kuvu anaishi. Kwa asiye na kipima unyevu kuna njia ya chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kiasi cha theluthi moja, ongeza chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha yatulie. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu unaozidi asilimia 15. Isipoganda, usifunge gunia siku hiyohiyo. Yape jua la siku nyingine, maana kati ya 15 na 13.5 bado kuna nafasi ya kuvu. Yakishakauka, mifuko ya kuhifadhia isiyopitisha hewa huwanyima wadudu pumzi. Ukiyafungia mabichi humo, umeyaozesha.

Shambani kuna silaha mpya zaidi. Aflasafe, iliyotengenezwa na watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA) wakishirikiana na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ni punje za mtama zilizouawa kwa joto na kupakwa Aspergillus flavus wa hapa hapa Afrika ambaye kwa asili hatengenezi sumu. Mkulima hurusha kilo nne kwa ekari wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua, na kuvu huyo mpole huwahi nafasi ambayo yule mkali angeichukua. Kenya na Tanzania zote zimekwisha kuisajili, na mashambani imepunguza sumu kwa asilimia 80 na zaidi.

Lakini nani atamlipa mkulima kwa taabu hiyo? Gunia lililokaushwa vizuri na gunia la unyevu mara nyingi hununuliwa bei moja, na la unyevu lina uzito zaidi. Mwenye unyevu ndiye anayefaidika. Majaribio ya Kenya yameonyesha kwamba wakulima wakipatiwa mafunzo, turubai na mashine ya kukaushia inayotembezwa, sumukuvu hushuka kwa zaidi ya nusu. Kipima unyevu kwenye kila kituo cha kununulia nafaka, na bei inayofuata kipimo, vingeokoa maini mengi kuliko mabango ya kumhimiza mama anayepika. Mama huyo hupokea mwishoni kilichoharibika mwanzoni, na moto wake hauwezi kukirekebisha.

Ikitokea watu wawili watatu wa nyumba moja, au kuku na mbwa wa nyumba hiyo, wakaanza kuugua pamoja, macho yakawa manjano na tumbo likajaa, acheni chakula hicho siku hiyohiyo na mkimbilie hospitali. Chukueni na kilo moja au mbili za mahindi au unga mliokuwa mkila, zilizochotwa juu, katikati na chini ya gunia, kwenye mfuko wa karatasi ulio mkavu, na mwambieni daktari mahindi yalitoka wapi, ili walionunua kwenye mzigo uleule waonywe kabla hawajapika.