Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Mabegi yalikuwa yamepangwa ukutani sebuleni kwetu, Mwanza. Ilikuwa Juni 2021, shule zimefungwa, na watoto walikuwa wameanza kugombania kiti cha dirishani katika basi ambalo hata tiketi zake hatujakata.

Tulikuwa tunakwenda Migori, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, kwa mama mkubwa aliyenilea baada ya mama yangu mzazi kufariki. Alikuwa na umri wa miaka 76, ana kisukari na shinikizo la damu, na alikuwa hajawatia machoni wajukuu zake tangu kabla ya korona. Alipopiga simu alianza kwa Kijaluo na kumalizia kwa Kiswahili ili watoto wamsikie: "Njooni wanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Jioni ile mume wangu alikaa na kalamu, akapiga hesabu nyuma ya daftari la mtoto. Nauli ya watu sita. Mchele na samaki wa kupeleka. Vipimo vya kwenda, vipimo vya kurudi. Tulipojumlisha, vipimo peke yake vilizidi nauli zetu sote. Tukiwa bado tunaduwaa, redio ikatangaza kwamba Kenya imeziwekea masharti makali kaunti 13 za ukanda wa ziwa na magharibi. Migori ilikuwa mojawapo, pamoja na Kisii, Homa Bay, Siaya na Kisumu.

Binti yangu wa pili akaniuliza, "Mama, tunakwenda au hatuendi?"

Msomaji mpendwa, huenda nawe uliwahi kuulizwa swali hilo ukakosa la kujibu. Nawaandikia akina mama wenzangu si kama muuguzi tu, bali kama mzazi aliyejibu nusu ya swali lile vizuri, na nusu nyingine vibaya.

Mpaka uliobadilika kila mwezi

Sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria hatukuzoea kuuona mpaka kama ukuta. Wajaluo na Wakuria wako pande zote mbili za Sirari na Isebania. Dada anaolewa huku, shamba la baba liko kule. Na kwa wenzetu wa Kagera, Mutukula ni njia ya kwenda kwa ndugu walioko Masaka na Kampala.

Korona ilipoingia Afrika Mashariki Machi 2020, mambo yaligeuka. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka wake na Tanzania kwa wasafiri, ikaruhusu magari ya mizigo peke yake, na madereva wakawa wanapimwa. Mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Mei 2021, serikali yetu nayo ilitoa masharti mapya: anayeingia nchini aonyeshe cheti cha kipimo cha PCR kilichochukuliwa ndani ya saa 72, na wengi walipimwa tena kwa kipimo cha haraka walipofika. Waliotoka nchi zenye aina mpya ya kirusi walitakiwa kukaa karantini siku 14.

Kisha ikaja Juni. Katika kaunti zile 13 za Kenya watu walitakiwa kuwa ndani kuanzia saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri, ibada za pamoja zikasimamishwa, na masharti hayo yalipangwa kudumu hadi tarehe 31 Julai. Uganda nayo ilijifungia kwa siku 42 kuanzia tarehe 18 mwezi huohuo. Kwa upande wetu chanjo ilikuwa bado haijaanza kutolewa. Ilizinduliwa tarehe 28 Julai 2021.

Familia nyingi zilijikuta kama sisi: mabegi yamefungwa, na kila wiki sharti jipya.

Cheti kinasema nini?

Wengi walidhani kwamba mwenye cheti ni mzima na asiye nacho ni mgonjwa. Sivyo. Kipimo ni kama picha: kinaonyesha jinsi ulivyokuwa saa ile pamba ilipoingizwa puani. Aliyeambukizwa jana anaweza kupimwa leo akaonekana hana kitu, kwa sababu virusi havijawa vingi vya kutosha kuonekana. Kesho kutwa anakohoa, na cheti chake bado kina muhuri mzuri.

Ndiyo sababu saa zilihesabiwa tangu kuchukuliwa sampuli, wala si tangu kupata majibu. Katika siku za mwanzo, sampuli za mikoani zilipelekwa Dar es Salaam. Mama wa Mwanza aliyepimwa Ijumaa aliweza kuona saa zake nyingi zikiishia kwenye kusubiri, kabla hajapanda basi.

Na ndiyo sababu pia ya karantini. Neno hilo linatokana na siku arobaini ambazo zamani meli zilisubirishwa nje ya bandari ya Venice kabla ya abiria kushuka. Hata katika Walawi sura ya 13, aliyeonekana na doa la kutia shaka alitengwa siku saba, kisha kuhani akamwangalia tena. Hakuitwa mwenye dhambi. Alipewa muda ili ukweli uonekane. Karantini si kifungo wala aibu. Ni kungoja kwa faida ya yule ambaye hujamkumbatia bado.

Njia za panya

Jioni ileile shemeji yangu mmoja alitupigia simu na kutupa ushauri. "Mnahangaika na vyeti vya nini? Shukeni kabla ya Sirari, kuna vijana wa pikipiki watawavusha. Au pitieni ziwani kwa mtumbwi."

Sikumchukia. Alizungumza kwa mapenzi, na njia hizo anazijua kila mtu wa mpakani. Lakini nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Wodini kwetu nilikuwa nimemgeuza kitandani mama wa makamo aliyeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi. Nikajiuliza: nikipita njia ya panya nikiwa nimebeba ugonjwa wa wodini, atakayeumia ni askari wa mpakani au ni mama mkubwa mwenye kisukari?

Tusidanganyane, akina mama. Anayekwepa kipimo hamdanganyi mpimaji. Na anayenunua cheti bila kupimwa amenunua karatasi ya kumdanganya bibi kizee anayemsubiri mlangoni na uji.

Pia watoto wanatuona. Ukimvusha mtoto kichakani usiku huku ukimwambia anyamaze, umemfundisha somo ambalo siku nyingine atalitumia kwako.

Basi tukasema hatuendi. Nilimpigia mama mkubwa simu mwenyewe. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa mwanangu. Wewe ndiye nesi." Tulifungua mabegi. Mdogo alilia mpaka akalala.

Nilipokosea

Hadi leo naamini uamuzi wa Juni ulikuwa sawa. Siwezi kusema tungemwambukiza. Hilo analijua Mungu. Lakini muuguzi asiyechanjwa, anayetoka wodi ya wagonjwa wa kifua, hakuwa na haki ya kumbahatisha mzee wa miaka 76.

Kosa langu lilikuja baadaye. Agosti nilichanjwa. Tarehe 20 Oktoba 2021 Kenya iliondoa marufuku ya kutembea usiku. Njia ilikuwa imefunguka kwa anayefuata utaratibu. Ningeweza kwenda hata peke yangu, au na mtoto mmoja, kwa gharama tuliyoimudu. Lakini nilikuwa nimezoea kusema "hali ikitulia". Tulisema tungojee Desemba, pengine vipimo vitashuka bei. Woga uliokuwa na sababu mwezi Juni ulikuwa umegeuka mazoea.

Novemba mama mkubwa alipata kiharusi, hakumaliza siku tatu. Haikuwa korona. Nilipima, nikapata cheti, nikavuka Sirari kihalali, nikamzika. Usiku wa matanga dada yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye, alinieleza bila hasira: "Ulisema tukimlinda atakuwa salama. Alikuwa salama kweli. Lakini alikuwa na upweke."

Sikuwa na la kumjibu.

Hesabu nne kabla ya tiketi

Masharti yale yamepita. Machi 2022 Kenya na Tanzania ziliwaondolea waliochanjwa kikamilifu sharti la kipimo cha PCR, na tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Lakini maradhi hayajaisha katika ukanda wetu. Septemba 2022 Uganda ilitangaza Ebola, na wilaya za Mubende na Kassanda zikafungiwa. Machi 2023 Marburg ilizuka Bukoba Vijijini. Kati ya waliokufa alikuwamo mhudumu wa afya. Januari 2025 Marburg ilitangazwa tena, mara hii Biharamulo, na mwishoni mwa mwezi huohuo Ebola ikatangazwa Kampala baada ya kifo cha muuguzi. Milipuko hiyo yote ilidhibitiwa, lakini inatukumbusha kwamba swali la binti yangu litaulizwa tena. Likiulizwa nyumbani kwako, kaeni wewe na baba watoto mpige hesabu hizi nne.

*1. Hesabu ya mwenyeji.* Usianze na nauli. Anza na anayekungojea. Je, ni mzee? Ana kisukari, presha, pumu? Kuna mjamzito au mtoto mchanga? Na wewe unatoka wapi: kwenye nyumba yenye mgonjwa, au kazini unakohudumia wagonjwa? Kama jibu linatia shaka, kwenda si mapenzi.

*2. Hesabu ya siku.* Jua ugonjwa unaohusika. Korona huambukiza kwa hewa, tena hata kabla mtu hajajisikia vibaya, na dalili huweza kuchelewa hadi siku 14. Ebola na Marburg huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa mwenye dalili au maiti, na dalili huweza kuchelewa hadi siku 21. Kwa hiyo uliza: sharti likibadilika tukiwa ng'ambo, tukawekwa karantini wiki tatu, likizo ya kazini itatosha? Shule itakuwa imefunguliwa? Nani atalisha kuku na kumwangalia mama mkwe aliyebaki?

*3. Hesabu ya fedha.* Andika kila kitu kabla ya kuwaahidi watoto: hati ya safari ya kila mmoja, vipimo vya kwenda na kurudi, na akiba ya chakula na malazi mkizuiliwa. Beba dawa za kila siku za kuzidi siku za safari. Usidhani kadi ya bima ya hapa itapokelewa huko; uliza kwanza. Kama unahitaji chanjo ya homa ya manjano, ichome mapema, kwani cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Na habari za masharti usizichukue kwa kondakta wala kwa jirani. Uliza hospitali ya mkoa, ofisi ya Uhamiaji, au piga simu 199 ya Wizara ya Afya, haina malipo.

Kama fedha haitoshi watu sita, je, inatosha wawili? Hapo ndipo sisi tulipokosa busara. Tuliona ni wote au hakuna.

*4. Hesabu ya tarehe nyingine.* Hii ndiyo niliyoisahau. Siku mnayosema "hatuendi", msiinuke mezani kabla ya kuandika kwenye kalenda siku ya kulizungumza tena. Mwambieni mwenyeji siku hiyo, aijue. Kisha jazeni nafasi iliyobaki wazi: simu kila Jumapili baada ya ibada, picha za watoto, fedha kidogo ya dawa kwa anayemtunza. Mzee anayejua atapigiwa lini hukaa tofauti na mzee aliyeambiwa "tutaonana Mungu akipenda".

Usimwachie Mungu kazi ya kufungua kalenda. Hiyo ni yako.

Vikombe vinne

Pasaka ya 2022 hatimaye tuliwapeleka watoto Migori. Walisimama kaburini, wakaweka maua ya uani waliyoyachuma njiani. Kisha dada akawaita ndani, akatoa kabatini vikombe vinne vya bati vyenye rangi tofauti. Mama mkubwa alikuwa amevinunua Juni 2021 tulipomwambia tunakuja, kimoja kwa kila mjukuu. Hakutaka mtu mwingine avinywee.

Tulirudi navyo Mwanza. Viko jikoni, vinatumika kila siku, na kimoja kimeshabanduka rangi. Kalenda imening'inizwa juu yake. Kwenye kila miezi mitatu kuna siku imezungushiwa wino mwekundu, na jina la nani tutamtembelea, au la nani tutampigia kama njia imefungwa.

Siku ya karibu zaidi ni ya mama mkwe wangu. Nawe je, mama mwenzangu, ya kwako umeiandika?