Branchi: Mlo Uliobebwa na Yai

Branchi ni mlo mmoja unaoshika nafasi ya staftahi na chakula cha mchana, na huliwa wikendi, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi alasiri. Mwaka 1895 Mwingereza Guy Beringer aliutetea katika jarida la Hunter's Weekly. Aliyekesha Jumamosi, alidai, aachwe alale, kisha aanze taratibu kwa chai au kahawa kabla ya kufikia vyakula vizito.

Ulizaliwa Uingereza, lakini ukaja kuota mizizi New York. Sahani yake mashuhuri, mayai ya Benedict, inadaiwa kubuniwa katika hoteli ya Waldorf na pia katika mgahawa wa Delmonico's, na ugomvi huo haujaamuliwa. Ni mkate mdogo wa mviringo uliokatwa kati na kubanikwa, juu yake paja la nguruwe na yai lililopasuliwa na kuivia ndani ya maji ya moto, kisha sosi ya kiini cha yai, siagi na limau. Asiyekula nguruwe huwekewa spinachi.

Kwa mwenye mgahawa, mlo huu una hesabu tamu, maana mayai, unga na viazi havina gharama kubwa, na vinywaji huleta faida. Mwaka 2016 jimbo la New York lilipitisha sheria iliyopewa jina la branchi, ikaruhusu pombe kuuzwa migahawani Jumapili kuanzia saa nne asubuhi badala ya saa sita mchana. Lakini hesabu hiyo tamu ilikuwa imezaa uzembe hata kabla ya sheria hiyo. Mpishi Anthony Bourdain, katika kitabu chake cha mwaka 2000, Kitchen Confidential, aliwaonya walaji kwamba branchi ndiyo njia ya jikoni kumaliza viporo vya Ijumaa na Jumamosi.

Migahawa ya mtaani inayonunua kwa wakulima wa karibu imeigeuza sifa hiyo. Alice Waters alifungua Chez Panisse mjini Berkeley, California, mwaka 1971, na utaratibu wake wa kuwafuata wakulima wenyewe ukaigwa kwingi. New York ilipata soko la wakulima la Union Square mwaka 1976. Muuzaji wa hapo lazima auze alichozalisha mwenyewe. Soko hufunguliwa pia Jumamosi, kwa hiyo kinachonunuliwa siku hiyo kinaweza kuwa mezani Jumapili.

Faida ya kununua karibu huonekana kwanza kwenye yai, wala si suala la mtindo tu. Yai likikaa, hewa ya kaboni hutoka kupitia vitundu vya ganda na ute mzito hulegea. Likipasuliwa majini, ute hutawanyika kama nyuzi. Yai la siku chache hukusanyika lenyewe na kukizunguka kiini, bila mpishi kuhangaika na siki.

Kununua karibu kuna masharti yake pia. Nyanya ni za kiangazi, maboga na matufaha ya vuli. Majira ya baridi sahani hubaki na viazi, vitunguu na mboga za mizizi. Hata kuku hupunguza kutaga mchana unapofupika, hivyo mfugaji asiyewasha taa bandani huja sokoni na trei chache, na mpishi atakayechelewa hukuta zimekwisha.