Viza ya Kazi Haiko Mkononi mwa Dalali: Njia za Halali kwa Mwenye Ujuzi Anayetaka Kufanya Kazi Ng'ambo

Mji wa Mkata umekaa kwenye barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, mahali inapochepuka njia ya kwenda Handeni mjini. Kila siku hupita hapo watu wa kila namna, na pamoja nao hupita maneno: kwamba Kanada wanahitaji madereva, kwamba Uingereza wanachukua walezi wa wazee, kwamba yuko mtu Dar es Salaam mwenye viza kumi mkononi na zimebaki mbili. Fundi wa kuchomelea vyuma asikiapo hayo huanza kupiga hesabu ya ng'ombe walioko zizini na ekari alizorithi. Tunaandika sura hii ili hesabu hiyo ifanywe kwa taarifa zilizo sahihi, kwa sababu huduma ya kutafutiwa kazi nje ya nchi ni huduma kama nyingine: ina muuzaji, ina mnunuzi, na mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

Viza ni ruhusa inayotolewa na serikali ya nchi unayokwenda. Haimilikiwi na kampuni wala mtu binafsi, na kwa hiyo hakuna mwenye viza kumi mkononi. Kwa mwenye ujuzi, ruhusa hiyo hupatikana kwa njia kuu mbili. Katika njia ya kwanza, mwajiri wa huko hukutaka wewe kwa jina, naye hubeba dhamana mbele ya serikali yake. Katika njia ya pili, serikali yenyewe hukupima kwa elimu, umri, lugha na uzoefu wako, hata kama bado hujapata mwajiri. Anayekuuzia safari hana budi kukueleza ni njia ipi kati ya hizo mbili anayoikusudia. Akishindwa, mazungumzo yaishie hapo.

Uingereza hufuata njia ya kwanza, na tutakaa nayo kidogo kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana na madalali. Viza yake ya mfanyakazi mwenye ujuzi ilianza Desemba 2020. Mwajiri lazima awe na leseni ya udhamini kutoka serikali ya nchi hiyo, na majina ya waajiri wote wenye leseni yamewekwa hadharani kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ambayo yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kuifungua bila malipo. Mwajiri akikukubali hukutolea cheti cha udhamini chenye namba yako. Ada ya cheti hicho ni jukumu la mwajiri, na tangu mwisho wa mwaka 2024 amekatazwa kumtwika mfanyakazi mzigo huo. Tunasisitiza hapa kwa sababu hicho ndicho kinachouzwa kwa mamilioni ya shilingi huku mitaani.

Yapo malipo ambayo ni yako kweli: ada ya maombi ya viza, na ada ya huduma ya afya ambayo tangu Februari 2024 ni paundi 1,035 kwa kila mwaka wa viza, nayo hulipwa yote kwa pamoja wakati wa kuomba. Kwa viza ya miaka 3 ni paundi 3,105. Ni fedha nyingi. Lakini hulipwa kwa serikali ya Uingereza kupitia maombi yako mwenyewe, wala hazipelekwi kwenye namba ya simu ya mtu. Wenye viza ya kazi za afya wamesamehewa ada hiyo ya pili.

Jambo jingine ni kwamba kanuni hubadilika. Tarehe 22 Julai 2025 Uingereza ilifunga mlango wa kuajiri walezi wapya kutoka nje, na siku hiyohiyo ikapandisha kiwango cha ujuzi hadi ngazi ya shahada, isipokuwa kwa kazi chache zilizoorodheshwa. Pia mshahara wa kawaida unaotakiwa ulipanda hadi paundi 41,700 kwa mwaka. Kwa hiyo anayekuuzia leo nafasi ya ulezi Uingereza kwa wewe uliye Mkata anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa, hata kama barua aliyonayo ina nembo na muhuri.

Ujerumani ina njia zote mbili. Tangu Juni 2024 ipo kadi ya fursa, inayomruhusu mtu mwenye ujuzi kuingia na kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Kwa fundi, sharti lake kubwa ni mafunzo ya ufundi ya angalau miaka 2 yanayotambuliwa na serikali ya nchi alikosomea. Kozi fupi ya miezi michache, hata iwe nzuri namna gani, haifikishi. Lazima pia ujue Kijerumani angalau cha ngazi ya mwanzo kabisa, au Kiingereza cha ngazi ya juu ya kati, na uonyeshe fedha za kujikimu. Muuguzi ana safari ndefu zaidi: stashahada yake hulinganishwa na ya Ujerumani, na Kijerumani chake hutakiwa kuwa cha kufanyia kazi wodini. Kijerumani hufundishwa na kutahiniwa Dar es Salaam, katika Goethe-Institut. Ada ya viza ya kukaa muda mrefu Ujerumani ni yuro 75. Linganisha na bei uliyotajiwa.

Kanada hupima watu kwa alama, kwa mfumo ulioanza Januari 2015. Kujiandikisha humo hakulipiwi. Gharama huja katika mtihani wa lugha na katika kulinganishwa kwa vyeti vya elimu. Mafundi wana kundi lao, lakini hutakiwa wawe na ahadi ya kazi ya angalau mwaka mmoja au cheti cha ufundi kilichotolewa na mamlaka ya jimbo la Kanada. Cheti cha VETA peke yake hakitoshi.

Katika nchi za Ghuba mwajiri ndiye kila kitu, na hapo hatari yake ipo. Usikubali kusafiri kwa viza ya matembezi kwa ahadi ya kubadilishiwa ukifika. Mkataba uusome kabla ya kupanda ndege, katika lugha unayoielewa, na nakala ibaki nyumbani. Pasipoti ni yako, si ya mwajiri.

Wapo wanaosahau majirani. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010. Haikufuta kibali cha kazi, lakini wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo wana makubaliano ya kutambuliana taaluma. Mhasibu wa Korogwe yumkini ataona Nairobi ina faida kuliko anavyodhani.

Maandalizi yenyewe huanzia nyumbani, na mara nyingi hukwama kwenye jina. Mtu ni Athumani katika cheti cha kuzaliwa, Athuman katika cheti cha shule, na Othman katika kitambulisho cha taifa. Ofisa wa ubalozi hajui kwamba kwetu hao ni mtu mmoja. Sahihisha hayo RITA na NIDA kabla ya kuomba pasipoti, kwa maana kusahihisha baadaye huchukua muda ambao mwajiri hatausubiri. Pasipoti huombwa Idara ya Uhamiaji. Ile ya kielektroniki ilipozinduliwa mwaka 2018, ada yake ilikuwa shilingi 150,000.

Wakala wa ajira si mhalifu kwa kuwa wakala. Sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999 inamtambua, lakini inamtaka asajiliwe. Mwombe namba ya usajili, kisha uithibitishe kwa afisa kazi mkoani Tanga badala ya kuthibitisha kwake yeye. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 181 wa mwaka 1997 unaeleza kwamba mfanyakazi hapaswi kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anayepaswa kulipa ni anayemhitaji.

Ikiwa umekwisha kulipa na mambo yamekwama, usiongeze fedha ili "kuharakisha". Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, toa taarifa na uondoke na namba yake, ile tunayoiita RB. Ikiwa kuna aliyesafirishwa na kunyang'anywa pasipoti au kulazimishwa kazi, hilo linaangukia Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na ndugu aliyebaki nyumbani anaweza kutoa taarifa kwa niaba yake. Chukua jumbe zote za miamala ya simu, tangazo la kazi, sauti za mazungumzo na nakala ya barua uliyopewa. Usifute kitu, hata kama wakala anakuahidi kwamba fedha zako zitarudi Ijumaa.