Ndege Wageni wa Mto Tana na Wakati wa Kuondoka Kwao

Kila mwaka mwishoni mwa mwezi wa Machi, wakulima wa Garsen, Ngao na Wema wanaposafisha mashamba kungojea masika, ndege huongezeka ghafula katika matete na miti ya kando ya mto. Baada ya majuma machache hawaonekani tena. Wako wanaodhani kwamba hao ni kwelea waliokuja kuvizia mpunga, nao hutega nyavu au kutia sumu. Yafaa basi tuwajue ndege hawa, maana kumwua asiye adui ni hasara ya shamba lako mwenyewe.

Ndege hawa ni wageni. Kwao ni Ulaya, Urusi na Asia ya Magharibi, na huko ndiko wanakozaa. Baridi inapoingia kwao, wadudu hupotea, nao hufunga safari kuja kwetu. Huanza kufika Kenya mwezi wa Septemba, na wengi hufika kati ya Oktoba na Desemba. Miongoni mwao wamo mbayuwayu, baadhi ya keremkerem, na ndege wadogo waimbao mateténi. Mmoja wa hao wadogo ni ndege wa matete wa Basra, ambaye hujenga kiota katika mabwawa ya kusini mwa Iraki. Mabwawa hayo yalikaushwa sana katika miaka ya 1990, na maji yakaanza kurudishwa mwaka 2003. Ndege huyu sasa ni haba duniani, na matete ya Tana ni mojawapo ya makao yake wakati wa baridi ya huko kwao.

Je, ndege hujuaje wakati wa kurudi? Mwilini mwake mna kama kalenda. Siku zake zikitimia hula kwa pupa, akanenepa. Wengine huongeza karibu nusu ya uzito wao kwa mafuta. Mafuta hayo ndiyo chakula cha njiani. Kisha wengi wa wale wadogo huruka usiku. Kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili ndiyo siku za msafara mkubwa, na wa mwisho huweza kuonekana hata mwanzo wa Mei. Wakati huo Kaskazi imekwisha na Kusi inaanza, kwa hiyo upepo huwasukuma kwa nyuma, kama ulivyosukuma majahazi ya zamani yaliyorudi Arabuni. Akiondoka mapema mno, hukuta kwao kungali baridi wala hakuna wadudu. Akichelewa, wenzake wamekwisha kutwaa mahali pa viota.

Sasa fikiri, mkulima: ndege huyu anayenenepa anakula nini? Anakula viwavi, panzi, mbu na wadudu wengine, wakati uleule unapopanda mbegu zako. Hagusi mpunga wako.

Kwelea ni mwingine kabisa. Yeye ni wa Afrika hii hii, na hufuata mvua na mbegu za majani. Mtazame mdomo: wa kwelea ni mfupi na mnene, mara nyingi mwekundu, wa kuvunjia punje. Midomo ya wageni wa matete ni myembamba, ya kudonoa wadudu. Kwelea mmoja hula kadiri ya gramu 10 za nafaka kwa siku. Milioni moja hula tani 10. Huyo ndiye wa kupigwa vita.

Kwa hiyo fanya mambo haya matatu. Kwanza, usitie sumu shambani wala mateténi; sumu haichagui, na huweza kumdhuru mtoto, ng’ombe na samaki. Pili, usichome matete mwezi wa Machi na Aprili. Tatu, mpunga uanzapo kutia maziwa, jenga dungu, uamie ndege kwa kombeo na makopo tangu alfajiri. Na ukiona makundi makubwa ya kwelea yakilala mahali pamoja, peleka habari mapema kwa ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni hawa hukuponya shamba bila malipo. Waache wale washibe, waende zao salama, ili mwezi wa Oktoba warudi tena.