Mhisani, mfadhili na mdhamini si kitu kimoja

NENO 'wahisani' hutajwa sana katika harambee, hafla za kuchangia matibabu na hata katika taarifa za serikali kuhusu misaada. Hata hivyo, si kila atoaye fedha anayestahili kuitwa mhisani.

'Mhisani' ni nomino inayotokana na 'hisani', yaani wema atendewao mtu pasi na kulipishwa. Asili yake ni neno la Kiarabu 'ihsan'. Kwa hivyo, si lazima mhisani awe tajiri. Jirani anayemlisha yatima, au daktari anayemtibu maskini bila malipo, ni mhisani.

'Mfadhili', kutokana na kitenzi 'fadhili', hukaribiana na neno hilo kimaana. Tofauti ni kuwa siku hizi mfadhili huhusishwa zaidi na utoaji wa fedha, kwa mfano kugharamia masomo au mradi. Ieleweke kwamba katika methali 'Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi', neno hilo si nomino. Ni kitenzi cha kuamuru, na kiambishi 'm' kinamwakilisha mbuzi anayetendewa wema.

Naye 'mdhamini' ni mtu anayewajibika kwa niaba ya mwingine, mathalani anayemwekea mshtakiwa dhamana mahakamani. Kampuni inayolipia kipindi cha redio ili itangaze bidhaa zake pia huitwa mdhamini. Kusema kuwa kipindi kimeletwa 'kwa hisani ya' kampuni hiyo ni kuyageuza mapatano ya biashara kuwa wema. Kinachofaa ni 'kwa udhamini wa'. 'Kwa hisani ya' hufaa pale ambapo, kwa mfano, mwenye picha amekubali itumiwe bure.

Kutotofautisha maneno haya kuna madhara. Nchi inayotoa mkopo wenye riba ni mkopeshaji, wala si mhisani, kwa kuwa deni hilo litalipwa. Vivyo hivyo, mwanasiasa anayekabidhi hundi za basari hutajwa kuwa mfadhili, ilhali fedha za hazina ya CDF, iliyoanzishwa mwaka wa 2003, zilitokana na kodi.

Ampaye mtu haki yake hajamfanyia hisani. Aliyefadhiliwa hushukuru akanyamaza; mlipa kodi ana haki ya kuuliza fedha zake zimetumiwaje.