Baada ya kuvezi: mzazi mwenye usonji naye anahitaji kushikwa mkono

Siku mtoto mchanga anatoka neonatolojia, furaha inajaa nyumba. Majirani wanafika, mama mkwe anapika, simu hailali. Lakini kwa mzazi mwenye usonji, ama mwenye shida ya kutulia na kukaza akili ambayo waganga wanaiita TDAH, siku hiyo mzigo wa pili unaanza.

Kwa majuma, mzazi huyo ameishi katika chumba ambamo mashine zinalia usiku na mchana na wauguzi wanabadilishana kila zamu. Watu wengi wenye usonji wanasikia sauti, mwanga na kuguswa kwa ukali kuliko wengine. Kelele ambayo muuguzi ameizoea inaweza kumchosha mzazi huyo hadi maneno yamwishie. Ndipo hukumu zinapoanza: hamtazami daktari machoni, halii, anauliza swali moja mara tano, basi hapendi mtoto wake. Ni kosa. Akili yake inapokea mambo kwa njia nyingine, upendo haupungui.

Tena wengi hawajawahi kupimwa. Usonji na TDAH mara nyingi vinatembea katika ukoo, na kuna wazazi waliotambua hali yao siku ambayo mtoto wao alipimwa. Kwa hiyo msaada usingoje karatasi ya daktari.

Mwaka 2020, watoto milioni 13,4 walizaliwa mbele ya wakati duniani, kadiri ya Shirika la Afya Duniani, OMS. Wakati wa kuruhusiwa kutoka, mama anaelezwa yote mara moja: saa za kunyonyesha, dawa, joto la mtoto, siku ya kurudi kupima kilo. Mwenye TDAH anaweza kuitikia ndiyo, kisha akafika nyumbani akikumbuka nusu tu. Kwa mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2,5, siku chache bila kunyonya vya kutosha zinaweza kumrudisha kitandani.

Dawa ya hatari hiyo haigharimu sana. Muuguzi aandike mambo kwenye karatasi moja, kwa mstari mfupi mfupi, pamoja na michoro. Amwombe mzazi arudilie kwa maneno yake mwenyewe. Saa za dawa na za kunyonyesha ziwekwe katika alamu ya simu. Ikiwezekana, muuguzi yule yule ndiye ampokee kila anaporudi.

Kuna pia njia ya kangaroo, iliyoanza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa sababu kuvezi zilikuwa chache. OMS inashauri mtoto akae ngozi kwa ngozi kati ya saa 8 na 24 kwa siku. Mzazi ambaye kuguswa kunamchosha anaweza kushindwa saa zote hizo. Baba, nyanya ama shangazi anaweza kupokezana naye. Wengine wanavumilia zaidi mtoto akifungwa imara katika kikwembe kuliko kuguswa kidogo kidogo. Kusema hivyo si kumkataa mtoto.

Nyumbani, familia ipunguze wageni majuma ya kwanza. Inampumzisha mzazi na inamkinga mtoto na magonjwa. Na dalili hizi zibandikwe ukutani: mtoto anakataa ziwa, mwili ni baridi ama moto, anapumua kwa shida, anatetemeka, mikono na miguu imekuwa ya manjano. Hapo hakuna kungoja siku ya miadi.

Mzazi naye aangaliwe. Akiendelea kusikia milio ya mashine kichwani, akikosa usingizi hata mtoto akilala, ama huzuni ikipita majuma mawili, aseme siku ya CPS ama kwa RECO wa mtaa.

Na kabla ya kumhukumu, muuguzi na mama mkwe waanze na swali moja: nikuelezee namna gani ili uelewe vizuri?