Kinachomfanya Mfanyakazi Abaki

Katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, tajiri aliyetaka kuchimba shaba katika nyanda za Katanga, kusini ya Kongo, alikuwa na madini tele chini ya ardhi, na tangu mwaka wa 1910 alikuwa na reli iliyopanda kutoka kusini hadi mji mpya wa Élisabethville, ambao leo waitwa Lubumbashi. Lakini hakuwa na watu. Nchi ile ilikuwa na wakazi haba, na hao haba walikuwa na mashamba yao, uvuvi wao na jamaa zao, wala hawakuona sababu ya kuyaacha hayo ili wakatumikie mashimo na tanuri za kuyeyushia kwa ujira usiolingana na sulubu yake.

Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka wa 1906, ikalazimika kuwatafuta watu mbali. Mwaka wa 1910 ikaanzishwa ofisi maalumu ya kuandika vibarua, Bourse du Travail du Katanga, ambayo mawakala wake walizunguka vijijini wakiwaandika wanaume kwa mikataba ya miezi michache. Na wengi katika hao walitoka ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Mtu alikuja peke yake, bila ya mke wala mwana, akalala katika kibanda kilichosongamana watu, akala chakula kisichomrudishia nguvu zake, na nimonia, kuhara na homa ya matumbo vikawafisha wengi. Aliyesalimika alihesabu siku zake, na zilipotimia alitwaa ujira wake akaenda zake. Na wengine hawakungoja zitimie, wakatoroka.

Msomaji asidhani kuwa aliyeondoka aliondoka na mzigo wake tu. Alikuwa amekwisha kujua jinsi tanuri inavyolishwa, jinsi mashine inavyonguruma inapokaribia kuharibika, na jinsi ya kujihadhari na jiwe linalotaka kuporomoka, na mahali pake paliingia mgeni ambaye hakuwa na budi kuanza alifu. Hasara ya namna hii haina safu yake katika daftari la mhasibu, na ndiyo sababu waajiri wengi, wa zamani na wa sasa, huidharau: fedha ya kumtafuta mtu mpya, muda wa kumfunza, vitu anavyoviharibu katika ugeni wake, na uzito unaowaangukia wenzake waliobaki, ambao nao wakielemewa huanza kutafuta pa kwendea. Kiwanda chaweza kuonekana kimejaa watu kila asubuhi, ilhali kwa hakika kinavuja mchana na usiku.

Katika miaka ya 1920 mambo kadhaa yaliibana kampuni ile kwa pamoja. Mitambo ilizidi kuwa mikubwa na kutaka mikono iliyozoea. Migodi ya Rhodesia ya Kaskazini ilianza kufunguliwa ikawataka watu wake yenyewe. Na serikali ya Kibelgiji ilichelea kuwa vijiji vitakwisha wanaume. Kampuni ikajaribu kuandika watu kutoka Rwanda na Burundi. Lakini kuongeza tu idadi ya wageni hakukuwa dawa. Ndipo mwaka wa 1928 iliposhika tadbiri nyingine, nayo ilikuwa kinyume cha desturi ya makampuni mengi ya wakati ule kusini ya Afrika: badala ya mkataba wa miezi, mkataba wa miaka mitatu, na badala ya mwanamume mkiwa, mwanamume na ahali yake.

Yafaa tuitazame tadbiri hii kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote ambayo wataalamu wa siku hizi huyasema juu ya kuwavuta na kuwadumisha wafanyakazi. Mke aliruhusiwa kuja, na zaidi ya kuruhusiwa alitakiwa. Kijana asiye na mahari alikopeshwa na kampuni ili aoe. Nyumba za kambi zikajengwa kwa ajili ya jamaa wala si kwa ajili ya kundi la wanaume. Posho ikatolewa kwa mfanyakazi, kwa mkewe na kwa watoto. Zikawekwa zahanati za kina mama, wazazi wakaangaliwa kabla na baada ya kujifungua, watoto wachanga wakapimwa, na shule zikafunguliwa chini ya wamisionari wa Kikatoliki. Msimamizi mkubwa wa mambo haya alikuwa tabibu, Daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka wa 1946 alitoa kitabu chenye kueleza matokeo ya miaka ishirini ya siasa hiyo. Na si jambo dogo kwamba kazi hiyo aliachiwa tabibu, kwa sababu vifo ndivyo vilivyoifundisha kampuni kwanza kuwa mtu ana mwili.

Matokeo yalionekana. Vifo vilipungua sana, na wanaume ambao zamani wangalihesabu siku walianza kuandika mkataba wa pili na wa tatu. Watu wa makabila mbalimbali, Waluba kwa Wabemba, Wasongye kwa Watetela, wakakaa ukuta kwa ukuta, na Kiswahili kikawa lugha ya kazini na ya sokoni, kisha ya malezi. Hata leo mtoto wa Lubumbashi au Likasi aghalabu husema Kiswahili kabla ya kujua lugha ya babu yake. Kampuni ilikuwa imetaka wafanyakazi wa kudumu, na pamoja nao ukazaliwa umma mzima wenye miji yake.

Nisingependa kuupunja wema wowote uliokuwamo katika mambo haya. Mama aliyejifungua salama alijifungua salama, na mtoto aliyesoma alisoma, hata kama aliyelipa gharama alikuwa na hesabu yake moyoni. Ila hesabu hiyo haikuwa siri: watoto wa kambini walitazamiwa kuwa wafanyakazi wa kesho, waliokwisha kuzoea king'ora tangu utotoni. Kwa hiyo kampuni haikuishia mlangoni mwa nyumba. Iliingia ndani, ikatazama usafi, ikatazama nani amelala humo, ikapanga chakula kipi kipikwe, na mwanamke aliyepokea posho kwa jina la mumewe alijua kwamba kazi ya mume ikikatika, nyumba, posho na zahanati vitakatika siku moja. Na dhamana yenyewe ilikuwa na mpaka wake: bei ya shaba ilipoanguka katika miaka ya mwanzo ya 1930, maelfu waliachishwa kazi wakarudishwa walikotoka.

Jambo moja tu halikuwamo katika fadhila zile zote, nalo ni kauli. Mfanyakazi alipewa vitu vingi, lakini hakuulizwa lolote. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kazi iliongezeka, bei za vitu zikapanda, na ujira ukawa hautoshi. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma, na tarehe 9 ya mwezi huo umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville ulipigwa risasi na askari. Makumi ya watu waliuawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake. Hawa hawakuwa wageni wa miezi sita. Walikuwa ndio hasa watu ambao tadbiri ya 1928 ilikusudia kuwapata: waliotulia, wenye wake na watoto, wenye ufundi mikononi. Kwa kuwa waliazimia kubaki, walikuwa na sababu ya kudai pawe pahali pa kukalika. Ninawaza kuwa mwajiri yeyote anayelalamika kuwa wafanyakazi wake wa muda mrefu ndio wenye maneno mengi angestahili kulikumbuka jambo hili, maana mpita njia hana haja ya kusumbuka na kanuni za nyumba asiyolala.

Pwani yetu ilikwenda njia nyingine. Katika gati za Mombasa kazi ya kupakia na kupakua meli ilikuwa kwa muda mrefu kazi ya siku. Kuli aliandikwa asubuhi na serangi, akalipwa kwa siku, na kesho akaja au asije. Wakubwa wa bandari na wa serikali waliliona hilo kuwa ni uvivu na utovu wa nidhamu. Lakini kwa kuli lilikuwa ni hiari yake, kwa kuwa mwenye shamba la minazi kwa jamaa zake, au mwenye biashara yake ndogo, aliweza kugawa wiki yake apendavyo, na tajiri hakuwa na nguvu ya kumtisha kwa kumfukuza mtu ambaye kila jioni alikuwa amekwisha kujiachisha mwenyewe. Hata hivyo hiari ile haikulipa kodi ya chumba mjini. Mwaka wa 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na tarehe 13 Januari 1947 waligoma tena, mara hii watu wapatao 15,000, wa gati, wa reli, wa mahoteli na wa majumbani, wakikutana kila siku katika uwanja walioupa jina la Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia, aliyekuwa kiongozi wao, alikamatwa mwaka huohuo akapelekwa uhamishoni.

Hapo serikali ya Kenya nayo ikageuza fikira. Mwaka wa 1954 kamati iliyosimamiwa na F. W. Carpenter ilipinga desturi ya kupima mshahara wa chini kwa mahitaji ya mwanamume mmoja asiye na mke, ikashauri upimwe kwa mahitaji ya mtu mwenye aila mjini, ili watu watulie kazini. Mwaka uliofuata makuli wa Mombasa waligoma, na Tom Mboya, kwa upande wa vyama vya wafanyakazi, akaingia kupatanisha. Nyongeza ikapatikana, na chama cha wafanyakazi wa bandari kikashika mizizi. Hatua kwa hatua kibarua cha siku kikapungua gatini na waajiriwa wa mwezi wakaongezeka. Tofauti na Katanga ni kubwa: Mombasa mtu alitulia baada ya kusikilizwa, tena kwa fedha aliyoweza kuitumia katika nyumba ya uchaguzi wake.

Katanga nako hadithi haikuishia 1941. Mali ya Union Minière ilitwaliwa na serikali ya Kongo kuanzia Januari 1967, ikapewa kampuni ya serikali iliyokuja kuitwa Gécamines, na kampuni hiyo mpya ikarithi posho, hospitali na shule. Ilipoporomoka katika miaka ya 1990 vyote viliporomoka pamoja nayo. Mishahara ikachelewa kwa miezi na miezi, na mwaka wa 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa amekwisha kuandika kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga, akawataja katika anwani yake kuwa ni wana wa Shaba, yaani wa Katanga, walioachwa na baba yao. Wazee wenye miaka thelathini ya utumishi walijikuta hawajui bei ya unga sokoni, kwa kuwa maisha yao yote haukuwahi kununuliwa na mikono yao.

Makampuni ya kigeni yaliyokuja baadaye kuchimba shaba na kobalti huko Kolwezi na Lubumbashi yalijifunza somo la nusu. Yaliona hatari ya kuwa baba, yakaamua kutokuwa hata mwajiri: sehemu kubwa ya watu wao huandikwa na wakandarasi, kwa mikataba mifupi, hata wanaume wawili huendesha mitambo ya namna moja katika shimo moja, mmoja akiwa na matibabu ya jamaa yake na mwingine hana. Na vijana wa leo wana simu mkononi. Ujira wa upande wa pili wa ua wanaujua kabla ya chakula cha mchana. Kumwita kijana wa mkandarasi katika mikutano ya kumtia moyo, na kumtaka aipende kampuni ambayo jina lake halimo katika mkataba wake, ni kumdhulumu mara mbili. Ningeanza kwa kumwandika moja kwa moja, kwa mshahara ulioangalia aila yake kama ilivyoshauri kamati ya Carpenter mwaka wa 1954, na kwa haki ya kupiga kura pamoja na wenzake wanapowachagua wajumbe wa chama. Nyumba, chakula na malezi ya wanawe ayapange yeye na mkewe.